Kabla ya Kwenda Naivasha Kuvua Besi

Ukipanga safari ya kuvua besi, samaki mlanyama wa mdomo mkubwa, katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, usikimbilie kujaza kisanduku vyambo bandia vya kila rangi. Anza na chakula cha samaki mwenyewe. Besi aliingizwa ziwani humo mwaka 1929, asili yake Marekani ya Kaskazini. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa Louisiana, wale wa maji baridi wenye magando, na besi wakubwa wanawapenda sana. Kwa hiyo chambo cha kwanza kubeba ni kamba wa plastiki laini, rangi ya kahawia au wekundu uliokolea. Ongeza minyoo ya plastiki ya aina hiyohiyo.

La pili ni maji. Besi huwinda zaidi kwa macho, na maji ya Naivasha mara nyingi yana tope. Mnyoo mweusi wenye buluu huonyesha umbo lake vizuri humo kuliko wa rangi hafifu. Beba pia kimoja au viwili vyenye visahani vya bati vinavyozunguka. Samaki asipokiona, atahisi mtikisiko.

Jambo kubwa, kwangu mimi, ni namna ya kufunga chambo. Ziwa lilipofurika miaka ya karibuni, migunga ya ufukweni ilizama na kufia majini. Besi hujificha penye vivuli kama hivyo, na ndipo ndoano ya ncha tatu inaponasa kila ukirusha. Tumia mfungo wa Texas, unaoficha ncha ya ndoano ndani ya chambo isinase matawini. Pitisha uzi kwenye uzito wa risasi wenye umbo la koni, gramu 7 hadi 10, uteleze wenyewe. Funga ndoano yenye shingo iliyopinda. Choma ncha kichwani mwa mnyoo, itokeze baada ya nusu sentimita hivi, vuta hadi kichwa kikae kwenye pindo, geuza ndoano, kisha fukia ncha mwilini. Mnyoo lazima unyooke. Ukijikunja hata kidogo utazunguka majini na kusokota uzi wote.

Fundo lifungiwe nyumbani mara kadhaa hadi vidole vizoee, na ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwani nailoni kavu ikisuguana hudhoofika. Uzi uwe wa kubeba kilo 7 hadi 9. Mwembamba unapendeza dukani, lakini hautoi samaki kwenye matawi.

Leseni na boti vishughulikiwe mapema. Omba kutoka alfajiri, maana mchana upepo hupanda na mawimbi hayachezewi. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Mkononi kuwe na koleo ya kuchomolea ndoano na kisu kikali. Nahodha akiona viboko karibu na mafunjo akataka kuondoka, na chambo chako kimenasa hukohuko, kata uzi mwondoke.