Tovuti ya Duka Isichache: Cha Kukagua na Jinsi ya Kukikagua

Mteja aliyeko Rongai, simu mkononi, akitafuta mabati ya geji 30, hana haja na historia ya hadwea yako. Anataka kujua bei, kama mzigo upo, duka liko wapi na atalipaje. Kwa hiyo usianze na makala mpya za kila wiki. Anza kwa kuhakikisha hakuna kitu kwenye tovuti ambacho si kweli leo. Makala utaandika ukipata nafasi.

Simu na Till

Hapa ndipo wateja wengi hupotea, na ndipo wenye maduka hukagua kwa macho tu. Kitufe cha "Piga simu" kina sehemu mbili: maandishi yanayoonekana, na kiungo kilichofichika nyuma yake. Laini ikibadilika, mara nyingi hubadilishwa maandishi peke yake. Mteja anasoma nambari mpya, anabonyeza, simu inaita ile ya zamani, ambayo huenda imeshapewa mtu mwingine. Usiridhike kwa kusoma. Shika simu, bonyeza kila kitufe, utazame nambari inayotokea kwenye skrini.

Kiungo cha kupiga huandikwa tel:+254 kisha tarakimu tisa zinazobaki ukiondoa sifuri ya mwanzo. Cha WhatsApp huandikwa https://wa.me/254 kisha tarakimu zilezile tisa, bila alama ya kujumlisha. Ukiandika wa.me/07, kiungo hakitamfikisha mteja kwako. Kumbuka pia mahali nambari inapojificha: chini kabisa ya kila ukurasa, kwenye ujumbe wa shukrani unaotokea baada ya fomu, na ndani ya picha za matangazo. Iliyo ndani ya picha huwezi kuitafuta wala kuibonyeza. Toa picha hiyo, weka maandishi.

Nambari ya Till iandikwe pamoja na jina linalotokea kwenye M-Pesa. Kama bango linasema jina moja na ujumbe wa M-Pesa unataja lingine, mteja ataogopa kutapeliwa, na ana haki ya kuogopa. Ukihamia Till nyingine au Paybill, badilisha tovuti siku hiyohiyo unapobandika karatasi mpya dukani.

Bei

Bei isiyo na tarehe huleta ugomvi kaunta. Andika hivi: "Mabati geji 30, mita 3. Bei ya tarehe 3 Machi, VAT imo." Anayenunulia kampuni atauliza habari ya hiyo VAT ya asilimia 16 kabla ya kitu kingine, basi mjibu mapema. Bidhaa zinazotoka nje hupanda na kushuka pamoja na dola, na duka lenye bidhaa mia mbili haliwezi kuzipitia zote. Chagua 10 au 15 zinazouzika zaidi, uzikague kila Jumatatu asubuhi; dakika kumi na tano zinatosha. Zilizobaki ziwekee "Uliza bei" na kitufe cha WhatsApp.

Ukibadilisha bei na bado unaona ya zamani, usiibadilishe tena. Unachoona ni nakala iliyohifadhiwa, ama na kivinjari chako ama na plagini ya kashe, yaani programu ndogo ndani ya tovuti inayoweka nakala za kurasa ili zifunguke haraka. Futa kashe kwenye tovuti, kisha fungua ukurasa huo kwa simu ya mtu mwingine.

Bidhaa ikiisha, usifute ukurasa wake. Watu wameshatumiana kiungo hicho kwenye magrupu ya WhatsApp, na wote wataishia kwenye kosa la 404, yaani "ukurasa haupatikani". Andika "Imeisha kwa sasa" na uwaonyeshe inayoweza kushika nafasi yake. Kama hairudi tena, elekeza anwani ya zamani kwenye mpya kwa uelekezaji wa kudumu, ule wa 301.

Saa na mahali

Ukiandika "tunafungua 2:00", mmoja atasoma saa mbili asubuhi, mwingine saa nane mchana. Andika "saa mbili asubuhi" kwa maneno, au 8:00 asubuhi, na usichanganye mitindo hiyo miwili. Saa hizo zilingane na zilizoko kwenye wasifu wa duka lako katika Google Maps. Sikukuu ziandike mwanzoni mwa mwezi: 1 Juni, 10 Oktoba, 20 Oktoba, 12 Desemba na nyinginezo. Ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata ndiyo ya mapumziko. Idd hungoja mwezi uandame, basi weka tangazo mara serikali inapotaja siku.

Barabara nazo hubadilishwa majina. Accra Road sasa ni Kenneth Matiba Road, lakini makanga na wateja wengi bado husema Accra Road. Andika yote mawili. Ongeza jina la jengo, ghorofa, nambari ya stoli na steji ya matatu iliyo karibu.

Picha

Picha ya simu huweza kufika MB 4. Kumi za namna hiyo zinakula MB 40 za bando la mteja, naye hatangoja zifunguke. Punguza upana uwe pikseli 1200 na uzito usizidi KB 200. Toa mabango ya ofa za Krismasi iliyopita.

Plagini, nakala na fomu

Mara moja kwa mwezi, kwa tovuti ya WordPress, weka kwanza nakala rudufu ya mafaili pamoja na hifadhidata, ukaihifadhi nje ya seva. Kisha sasisha plagini moja, fungua tovuti uitazame, ndipo uende kwa nyingine. Ukisasisha sita kwa mpigo na ukurasa ukageuka mweupe, hutajua ni ipi iliyoharibu. Likitokea, ingia cPanel, paneli ya kusimamia mafaili ya tovuti kwenye seva, fungua wp-content/plugins, badilisha jina la folda ya plagini unayoishuku. Itazimika na tovuti itarudi.

Siku hiyohiyo jitumie ujumbe kupitia fomu ya mawasiliano. Fomu huharibika bila kutoa sauti: mteja anaona "Asante", barua inaishia kwenye spamu. Mwambie fundi aitume kwa SMTP, yaani kupitia seva ya kutuma barua pepe ya akaunti ya duka.

Jina la .co.ke

Muda wa jina la tovuti, mfano duka.co.ke, ukiisha bila kulipiwa, tovuti na barua pepe zote huzimika pamoja. Onyo hutumwa kwa anwani iliyoandikishwa, ambayo mara nyingi ni ya fundi aliyejenga tovuti na mkaachana zamani. Muulize leo msajili wako, yaani kampuni mnayolilipia jina hilo, mambo mawili: jina limeandikishwa kwa nani, na linaisha tarehe gani. Kama mwenyewe si wewe wala biashara yako, omba libadilishwe sasa, wakati fundi bado anashika simu yako.