Kulima Matango Nyumbani na Kutambua Kinachoyasumbua

Tango halimcheleweshi mpandaji. Katika joto la kawaida la Dar es Salaam au Tanga mbegu huchomoza baada ya siku 4 hadi 7, na tunda la kwanza huwa tayari kukatiwa kachumbari kati ya siku ya 50 na ya 65. Lakini kwa kuwa hukua upesi hivyo, mmea huu hauna akiba: ukikosa maji siku mbili za jua kali, tunda hueleza habari hiyo kwa ladha na umbo lake. Nitaeleza upandaji kwa ufupi, kisha nikae zaidi kwenye matatizo, kwa kuwa wapandaji wengi wa nyumbani hununua dawa ya wadudu kutibu jambo ambalo halikuletwa na mdudu.

Chagua mahali panapopata jua kwa saa 6 au zaidi kila siku. Udongo wa pwani una mchanga mwingi na haushiki maji, hivyo chimba shimo lenye upana na kina cha sentimita 30 hadi 40, kisha ulijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Asiye na uwanja atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, na aweke shina moja tu katika kila ndoo. Panda mbegu mbili kwa kila shimo, kina cha sentimita 2, halafu ubakize mche wenye nguvu zaidi. Kati ya shina na shina acha sentimita 30 hadi 45, na kati ya mstari na mstari mita 1. Mizizi ya tango haipendi kusumbuliwa, kwa hiyo ni heri kupanda mbegu moja kwa moja mahali mmea utakapokaa.

Aina za Ashley na Poinsett zimezoeleka katika maduka ya pembejeo, na zote mbili huhitaji nyuki ili zizae. Zipo pia mbegu chotara zinazotoa matunda bila kuchavushwa, ambazo hutumika sana katika vitalu nyumba. Muulize muuzaji kabla ya kununua, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuongoza maua yatakapoanza kudondoka.

Masika, yaani Machi hadi Mei, ndiyo majira magumu kwa tango la pwani, kwa kuwa majani hushinda yakiwa na maji na ukungu hustawi. Mimi hupendelea kupanda Juni, mvua kubwa ikiisha, kisha nikamwagilia mwenyewe. Mmea ukianza kutambaa, upandishe kwenye kamba au kichanja cha mita 1.5 hadi 2: hewa hupita, matunda hayagusi udongo, na wewe unaweza kukagua upande wa chini wa majani, ambako wadudu wengi hujificha. Mwagilia asubuhi, kwenye shina na si juu ya majani, na utandaze nyasi kavu ili unyevu udumu. Mbolea ya CAN, kijiko kidogo kimoja kwa shina, ikiwekwa umbali wa sentimita 10 na kufukiwa, inatosha mmea unapoanza kutambaa na mara moja tena unapotoa maua. Ukizidisha utapata majani mapana ya kupendeza na matunda machache.

Sasa matatizo, na la kwanza ni maua kudondoka. Tango hutanguliza maua dume, ambayo hukaa juu ya vikonyo vyembamba, hufunguka, kisha huanguka. Hilo si ugonjwa. Maua jike hufuata siku kadhaa baadaye, na utayatambua kwa kitango kidogo kilicho nyuma ya kila ua. Kitango hicho kikigeuka njano na kusinyaa kikiwa na urefu wa kidole au chini yake, mara nyingi sababu ni kwamba ua halikuchavushwa. Ua jike hupokea chavua kwa muda mfupi tu, zaidi asubuhi ya siku linapofunguka, kwa hiyo kama huoni nyuki bustanini fanya kazi yao mwenyewe: kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, ondoa petali zake, kisha paka katikati yake ndani ya ua jike. Nimeona mashina yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa tasa yakizaa baada ya juma moja la kazi hiyo. Tunda lililopinda au lililochongoka upande mmoja nalo huashiria uchavushaji nusunusu au maji yasiyo na mpangilio. Kwa ajili ya nyuki hao, dawa yoyote, hata ile ya mwarobaini, inyunyizwe jioni, baada ya maua kufunga.

Uchungu pia si kazi ya mdudu. Mmea uliopata kiu au joto kali huongeza kemikali ziitwazo kukabitasini, ambazo hujikusanya zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Wapo wanaokata ncha ya tango na kuisugua mpaka itoe povu, lakini kinachosaidia hasa ni kukata sehemu kubwa zaidi upande wa kikonyo na kumenya ganda kwa kina, na kwa matunda yanayofuata, kumwagilia bila kuruka siku.

Mdudu wa kuogopwa kweli ni nzi wa matunda. Jike hutoboa tunda changa na kutaga ndani. Utaona tundu dogo lenye utomvu, kisha tunda huoza kwa ndani likiwa na funza. Kunyunyizia tunda lililokwisha kutobolewa hakumfikii funza. Chuma matunda yote yaliyoathirika, hata yaliyoanguka, uyafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani kwa siku kadhaa, au uyafukie kwa kina cha nusu mita. Ukiyatupa tu kwenye lundo la taka, funza watakuwa nzi na watarudi. Matunda mazima yavike mifuko ya karatasi mara tu baada ya kuchavushwa. Jihadhari na mitego yenye kivutio kiitwacho metileujenoli inayotumika kwenye miembe: haimvuti nzi huyu wa jamii ya matango na maboga, ambaye dume lake huvutwa na kivutio kiitwacho kyuluwa.

Vidukari na utitiri mwekundu huondolewa kwa maji yenye sabuni, kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita 1, yakinyunyiziwa chini ya majani na kurudiwa baada ya siku chache. Vidukari wasipuuzwe, kwani hueneza virusi vya batobato, ambavyo hukunja majani na kuyatia madoa ya kijani na njano. Shina lenye batobato halina tiba, ling'oe.

Kuhusu ukungu, tofautisha aina mbili. Ubwiri unga huonekana kama unga mweupe juu ya jani, na huja hata wakati wa ukavu. Maziwa kiasi kimoja kwa maji viasi tisa, yakinyunyizwa kila wiki tangu dalili za kwanza, huupunguza. Ubwiri vinyoya huanza kwa madoa ya njano yenye pembe, yaliyozuiwa na mishipa ya jani, na chini yake huota vinyoya vya kijivu asubuhi yenye umande. Huo maziwa hayauwezi: punguza majani ya chini, acha kulowesha mmea, na ukienea haraka tumia dawa ya shaba kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko.

Mmea ukinyauka mchana na kuinuka jioni, mara nyingi ni jua tu. Usipoinuka hata asubuhi ilhali udongo una unyevu, ng'oa shina moja utazame mizizi. Vinundu vilivyotapakaa ni alama ya minyoo fundo, wanaopenda udongo wa mchanga, na hapo suluhisho ni kuhamia kwenye ndoo yenye udongo mpya.

Chuma kila baada ya siku mbili, matunda yakiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20, na ukate kikonyo kwa kisu badala ya kuvuta. Tunda moja lililoachwa mpaka likawa njano huufanya mmea ushughulikie mbegu na kupunguza kuzaa. Mavuno yakiisha, ng'oa mashina yote, na katika msimu unaofuata usipande hapo tango, boga wala tikiti maji, bali mchicha au kunde.