Usiachilie mzigo kabla hujacheki salio

Wewe unayeuza nguo ama viatu mtandaoni na unalipwa kwa M-Pesa, usiamini meseji peke yake. Mtu anaweza kukuandikia inayofanana kabisa na ya ukweli, jina liko, namba ya muamala iko, mpaka salio ameweka, lakini ukiangalia juu imetoka kwa namba ya kawaida ya simu na sio MPESA. Piga *334# ucheki salio lako mwenyewe, hata kama bodaboda yuko mlangoni anapiga honi na kastoma anakuharakisha, hiyo haraka ndio mtego wenyewe.

Ya pili inauma zaidi. Pesa imeingia kweli, mzigo umeenda, halafu jamaa anaifowadi ile meseji kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudishiwa pesa, akidai alikosea namba. Mimi nilipoteza pea tatu za viatu hivyo. Siku hizi kabla mzigo utoke lazima aniandikie WhatsApp ananunua nini na bei gani, na risiti naweka. Ukiulizwa kuhusu hiyo pesa, sema wazi ulimuuzia na ushahidi uko.

Na mtu akikupigia eti ametuma zaidi umrudishie, usitume kitu, mwambie apitie 456 mwenyewe.