Gitaa la umeme: uliweke, ulibadilishe au uliuze? Anza na shingo

Wengi wanaoniletea gitaa la umeme hapa Mombasa huwa wameshaamua kabla hawajafika. Yuko anayetaka kuliuza kwa kuwa "limekufa sauti", na yuko aliyekwisha kuagiza pikapu za bei (vile vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi), anataka zitiwe Ijumaa ili Jumapili apige nazo kanisani. Nikilipokea lenyewe, mara nyingi nakuta nyuzi nyeusi, skrubu za daraja zimeota kutu na shingo imepinda kidogo. Hapo hakuna cha kuuza wala cha kubadilisha bado.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: shingo ndiyo inayoamua. Pikapu hubadilishwa, swichi hubadilishwa, hata daraja hubadilishwa. Shingo isiyokukaa mkononi utapigana nayo kila ukishika gitaa, na hakuna pikapu itakayokuokoa.

Hatua ya kwanza: litoe chumvi

Ukikaa Nyali, Mji wa Kale au Shelly Beach, upepo wa bahari unaingia hadi kabatini. Nyuzi nyembamba ndizo hutangulia kuchakaa, zikifuatiwa na skrubu za daraja. Toa nyuzi zote, kisha tazama vile vipande sita ambavyo nyuzi hulalia darajani. Kila kimoja kina skrubu mbili ndogo za kukipandisha na kukishusha, na kwenye magitaa mengi hufunguliwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 1.5. Kutu ikijaa ndani ya kile kitundu, alenki haikai sawasawa. Ukilazimisha, inazunguka yenyewe na kula pembe za skrubu, na hapo umejitafutia kazi ya kutoboa. Chokonoa uchafu kwa sindano, dondosha mafuta ya kulegezea kutu kwa ncha ya kijiti cha meno, liache lilale hadi asubuhi. Ukirudi, kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze. Mafuta yasifike kwenye mbao.

Volyumu ikikwaruza ukiizungusha, usikimbilie kununua poti mpya (kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha volyumu). Pulizia ndani dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile mafundi wa redio wanayo, halafu zungusha kwenda na kurudi mpaka mkwaruzo uishe. Tundu la kebo nalo likilegea, kaza nati yake huku umelishikilia kwa ndani ili waya zisijisokote zikakatika.

Tia nyuzi mpya za unene uleule. Ukihama kutoka seti ya 9 kwenda ya 10, yaani nyuzi nene zaidi, mvuto unaongezeka na shingo itapinda mbele, kwa hiyo usije ukailaumu shingo kwa kosa la nyuzi.

Hatua ya pili: isome shingo

Hapa usiwe na haraka.

Shika gitaa kama bunduki, jicho moja upande wa kichwa, utazame kuelekea darajani. Mstari wa freti ya kwanza (freti ni vile vijichuma vinavyokatiza shingo) na wa freti ya mwisho viende sambamba. Kama mmoja umeinamia kushoto na mwingine kulia, shingo imejisokota, na huo ni ugonjwa mkubwa.

Kupinda kwenda mbele au nyuma ni jambo jingine, na dawa yake iko ndani ya shingo yenyewe. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa pili. Uzi sasa umekuwa rula. Angalia nafasi kati yake na freti ya saba au ya nane. Inatakiwa iwe kama milimita 0.25. Karatasi ya kawaida ya kuprintia ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo mbili zipite bila shida na ya tatu ianze kubana. Nafasi ikiwa kubwa mno, kaza nati ya chuma cha shingo (ile fimbo iliyopita ndani yake) kwa kufuata saa, robo mzunguko tu, kisha tuni upya na upime tena. Uzi ukiwa umelala kabisa juu ya freti, legeza vivyo hivyo. Nati ikigoma, usitumie nguvu. Gitaa ambalo nati ya chuma chake imekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda mbele limeshakujibu.

Mbao hunyonya unyevu. Shingo uliyoiweka sawa wakati wa kaskazi inaweza kusogea mvua za Aprili na Mei zikishika kasi, na hilo si dalili ya gitaa bovu. Wanaopiga kwenye hoteli wana balaa lao: gitaa likitoka kwenye ukumbi wa kiyoyozi kwenda jukwaa la ufukweni, nyuzi zinatoka jasho kabla hujapiga noti ya kwanza. Liache kwenye kasha lake kwanza lipate joto la nje.

Kisha freti. Pitisha ukucha chini ya kila uzi usikie mashimo. Mpiga ridhimu huzila freti za karibu na kichwa, mpiga solo wa rumba au bango, muziki wetu wa Pwani, huzila za katikati kwenda chini. Mashimo madogo fundi ataziparaza ziwe sawa. Lakini kila ukiparaza freti zinapungua kimo, na siku moja zitatakiwa mpya. Kazi hiyo kwa gitaa la bei nafuu inaweza kufikia bei ya gitaa lenyewe, basi uliza gharama yake kabla hujaamua lolote.

Mwisho, lipige ukiwa umeketi na ukiwa umesimama. Kiganja kikichoka mapema ilhali nyuzi ziko chini vizuri, shingo ni nene au nyembamba kuliko mkono wako. Urefu wa nyuzi pia huleta tofauti: Stratocaster ya Fender ina inchi 25.5 kutoka juu hadi darajani, Les Paul ya Gibson ina kama 24.75. Inaonekana kidogo kwenye maandishi, vidole vinaijua.

Hatua ya tatu: sikiliza umeme

Chomeka, pandisha volyumu, usiguse nyuzi. Likinguruma halafu likanyamaza ukizigusa, waya wa ardhi ndani ya gitaa ni mzima, na tatizo ni kelele inayonaswa na pikapu kutoka hewani. Kelele ikiongezeka ukigusa chuma, kuna waya uliokatika au uliolehemiwa vibaya. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi anayejua kulehemu.

Na hili lisikilizwe sana na wanaopiga harusini kwa jenereta: ukisikia umeme unakuuma mdomoni ukigusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, acha kupiga papo hapo. Hitilafu iko kwenye amplifaya, mitambo au waya za jengo, na umeme wetu ni volti 240. Usibadilishe chochote kwenye gitaa kabla hiyo haijatengenezwa.

Hatua ya nne: amua

Shingo nzuri na sauti unaipenda: liweke. Nunua kasha, tia ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na usilitundike kwenye ukuta unaopigwa na upepo wa bahari.

Shingo nzuri, sauti haikuridhishi: libadilishe, lakini yale tu yanayoweza kurudishwa. Pikapu, poti, swichi, vichwa vya kutunia vinavyoingia kwenye matundu yaleyale. Anza na vya bei rahisi. Gitaa lisilokaa kwenye tuni mara nyingi lina vijifereji vinavyobana nyuzi pale juu, zinapopita kuingia kichwani. Ukisikia "tik" unapotuni, sugua risasi ya penseli ndani yake kabla ya kununua vichwa vipya. Ukibadilisha pikapu, kumbuka poti zake: zile za koili moja kwa kawaida huenda na kilo-omu 250, na hambaka (pikapu ya koili mbili) huenda na 500. Ukitia hambaka kwenye poti za 250, sauti itafifia juu halafu utasema pikapu ni mbovu. Kuchonga mbao sikushauri hata kidogo. Zipo hambaka zenye umbo la koili moja, zinaingia bila patasi.

Jiulize pia unapiga nini. Rumba ya mtindo wa Simba Wanyika, bendi iliyoanzia hapahapa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, inataka solo safi inayolia kila noti peke yake. Koili moja inafanya hiyo kazi vizuri sana. Kuna vijana wanaitoa ili watie hambaka nzito, halafu wanahangaika na ikwalaiza kuitafuta sauti waliyoitupa.

Shingo imejisokota, au haikukai mkononi: liuze, na umweleze mnunuzi ukweli.

Ukiuza

Rudisha vifaa vya asili. Pikapu ulizotia mwenyewe uza peke yake. Piga picha kichwa, namba ya usajili, nyuma ya shingo na kila kovu. Kutana na mnunuzi mahali penye umeme alijaribu, na pesa ya M-Pesa ihakikishe kwenye simu yako mwenyewe kwa kuangalia salio, si kwa kuonyeshwa ujumbe. Kama kichwani pameandikwa Gibson, tazama kile kifuniko kidogo kinachoziba nati ya chuma cha shingo: cha kweli hushikwa na skrubu mbili, za bandia nyingi zina tatu. Usiuze jina ambalo gitaa halina.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanakwaya, Bamburi: Maalim, nina Squier ya koili tatu. Kanisani inanguruma mpaka mzee wa kanisa amesema tuiuze tununue ya hambaka. Nyumbani haingurumi hivyo. Nifanye nini?

*Jibu:* Dada, kama nyumbani imetulia, basi kelele ni ya ukumbi. Simama ulipo kawaida, geuka taratibu kama anayetafuta kibla. Utapata upande ambao ngurumo inapungua sana. Kisha jaribu swichi kwenye nafasi ya pili na ya nne. Kwenye magitaa mengi ya siku hizi pikapu ya kati imezungushwa kinyume, kwa hiyo zikifanya kazi mbili pamoja kelele inafutana. Ndilo wazo la hambaka yenyewe, ambayo Seth Lover wa Gibson aliiombea hataza mwaka 1955. Waombe pia wazime taa za mrija na za kupunguzwa mwanga kwa dakika moja msikilize. Mzee wa kanisa mwambie asubiri kidogo.

Mpiga ridhimu, Likoni: Marehemu mjomba ameacha gitaa lililotengenezwa Japani, la miaka ya 70. Rangi imepasukapasuka na pikapu zina kutu juu. Ndugu wanataka tulipake rangi upya ndipo tuliuze. Ushauri wako?

*Jibu:* Poleni kwa msiba. Rangi msiiguse. Wanunuzi wa magitaa ya umri huo wanatafuta uasili, na rangi mpya huwaondoa kabla hata hawajauliza bei. Kutu ya juu ya kifuniko cha pikapu haiharibu sauti kama koili ni nzima. Mpelekee fundi mwenye mita apime ukinzani wake: pikapu nyingi husoma kati ya kilo-omu 5 na 10, na iliyokatika haisomi kitu. Safisheni, tieni nyuzi, mlipige kwanza. Huenda mmoja wenu akakataa liuzwe.

Solo, Mtwapa: Langu lina daraja linaloelea, lile la kufungwa nyuzi kwa alenki kule juu. Nikikata uzi mmoja katikati ya shoo zote zinatoka kwenye tuni. Shingo yake naipenda mno. Niuze?

*Jibu:* Shingo unaipenda halafu unauliza kuuza! Fungua kifuniko cha nyuma, utaona chuma kizito kinachoshikwa na springi. Kata kipande cha mbao ngumu kijae kati ya chuma hicho na ukuta wa lile shimo, upande wa pili vilevile, hadi daraja lisimame tuli. Halitacheza tena, na uzi ukikatika nyingine zitabaki kwenye tuni. Siku ukitaka kuuza, chomoa mbao, gitaa liko kama lilivyotoka dukani.

Mwanafunzi, Changamwe: Fundi mmoja ameniambia shingo iliyojisokota anaweza kuinyoosha kwa moto. Ni kweli?

*Jibu:* Wapo wanaofanya kwa joto na vibanio, na mara nyingine hukubali kwa muda. Kwa hali yetu ya unyevu mimi singelipia. Geuza gitaa: ukiona skrubu nne nyuma ya shingo, shingo hiyo hutoka na nyingine huingia. Kabla ya kununua pima upana wa ile sehemu inayokaa mwilini, za aina ya Fender huwa takriban milimita 56, na hakikisha urefu wa nyuzi ni uleule, la sivyo noti zote zitakuwa uongo. Kama shingo imegundishwa kwa gundi, uza mwili na vifaa kama vipuri.

Mpiga besi, Kongowea: Yakhe, nilitia pikapu na daraja la thamani kuliko gitaa lenyewe. Sasa wananipa bei ileile ya gitaa tupu. Wananionea?

*Jibu:* Hawakuonei. Mnunuzi analipia gitaa analolijua, si ladha yako. Kama vifaa vya kwanza bado unavyo, virudishe, uza gitaa kwa bei hiyohiyo wanayokupa, halafu pikapu na daraja uviuze kwa mwenye kuvitafuta. Kama ulivitupa, liweke upige.