Jinsi ya kujiandaa kwa kongamano la soko huria likija Arusha, hata kama unatoka sokoni

Aisee wadau, tangu nitoke kwenye lile kongamano la taasisi za fikra pale Arusha mwaka juzi simu yangu haipumziki. Kila mtu anauliza niliingiaje, je ni la wasomi tu, unalipa shingapi, na mfanyabiashara wa vitunguu anaenda kutafuta nini kule. Sasa naandika yote hapa sehemu moja, ili ukisikia jingine linakuja AICC, ile kumbi ya mikutano ya kimataifa Arusha, au Nairobi usiishie kuangalia picha za wenzako.

Tuanze na chenyewe ni nini. Taasisi za fikra ni ofisi za watu wanaochunguza mambo ya sera, yani kodi, leseni, ardhi, mipaka, alafu wanaandika na kuishauri serikali na wananchi. Hizi ninazoongelea mimi zinaamini mtu aachwe huru kufanya kazi yake, amiliki mali yake bila hofu na auziane na anayemtaka, serikali ibaki na kulinda watu, mali na mikataba. Zipo dunia nzima, kuna IEA ya London ya mwaka 1955, Fraser Institute ya Canada ya 1974, Free Market Foundation ya Afrika Kusini ya 1975, IMANI ya Ghana ya 2004, na nyingi zimeungana kwenye mtandao unaitwa Atlas Network ulioanza 1981. Aliyeanzisha Atlas ni Antony Fisher, huyohuyo wa IEA, na kazi iliyomtajirisha ni kufuga kuku wa nyama. Hilo lilinipa moyo sana manake nilidhani hizi ni kazi za maprofesa peke yao. Kukutana kwao nako kuna historia, mwaka 1947 mchumi Friedrich Hayek aliita watu ambao hata hamsini hawafiki pale Mont Pelerin, Uswisi, kujadili uhuru utaponaje baada ya vita, na jumuiya waliyoianzisha pale ipo mpaka leo. Siku hizi makongamano ni makubwa, siku mbili tatu, mijadala, mafunzo, chakula cha jioni, watu kutoka kila bara.

Sasa kabla hujajaza fomu yoyote, tafuta jambo lako. Nasema jambo MOJA. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaenda na "changamoto za vijana" au "mazingira ya biashara", mtu anakusikiliza kwa adabu alafu anaenda kunywa kahawa. Nenda na kitu kimoja ulichokipima mwenyewe.

Mfano wangu wa kujifunzia ni wa Peru. Kule Lima miaka ya themanini, watu wa taasisi ya mchumi Hernando de Soto walianzisha kikarakana kidogo cha kushona nguo, wakajaribu kukisajili kisheria kwa kufuata kila ofisi wanayoelekezwa, na wakawa wanahesabu. Ikawachukua siku 289. Hawakuanza na hotuba ya kulalamika urasimu, walileta namba, na namba ile inatajwa hadi leo. Na usidhani ni mambo ya mbali, taasisi hiyohiyo ndo ilikuja kufanya kazi na serikali yetu kuandaa MKURABITA mwaka 2004 wakati wa Mkapa, ule mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge. Kwaiyo ukisimama mbele ya wageni ukaeleza jambo lako kwa masaa na shilingi, unaongea lugha wanayoijua.

Mi nanunua vitunguu Mang'ola, kule Karatu, naleta Moshi soko la Mbuyuni. Nikachukua daftari la kawaida nikachora mistari, tarehe, saa ya kuondoka, kila geti na kila tuliposimamishwa, dakika ngapi, shingapi, risiti ipo au haipo. Nimeandika safari tisa hivyo bila kuruka. Alafu nikatafuta sheria inasemaje, nikakuta kumbe tangu 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine hautakiwi kutozwa kabisa. Mzigo wangu ulikuwa gunia sita, haufiki tani! Na kuna geti nililipa, nikaomba risiti nikaambiwa sogea gari lipite. Roho iliniuma, si kwa ile hela tu, ni kwa sababu sheria nzuri ipo alafu haijafika barabarani, na mama mwenye gunia mbili ndo anaumia kuliko mimi. Hilo ndo likawa jambo langu.

Wewe lako linaweza kuwa lingine. Kama unavuka Holili au Namanga, chunguza ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha unapata cheti cha asili kilichorahisishwa palepale mpakani, lakini kina mama wangapi wanaujua na wangapi bado wanapita njia za panya? Hesabu. Kama nyumbani ni kahawa, una historia nzima mkononi, wakulima wa Kilimanjaro walijiunga wenyewe kwenye chama chao cha KNPA mwaka 1925, kikafuata chama cha ushirika cha KNCU 1933, wanunuzi binafsi wakarudi miaka ya tisini. Muulize babu alikuwa anauza kwa nani, kwa bei iliyopangwa na nani, linganisha na leo. Kama ni kihamba, yani shamba la ukoo, ulizia hati, imechukua muda gani, imekula hela gani.

Kingine jiandae kwa Azimio. Mgeni akishuka Arusha lazima aulize, huu si ndo mji wa Azimio la Arusha? Ndio, lilitangazwa Februari 5, 1967, na siku zilizofuata benki zikataifishwa. Usijibu kwa kukariri vitabu, jibu kwa ya nyumbani kwenu. Mi nilieleza mama alivyopanga foleni ya sabuni na sukari, na mpaka wa Kenya ulivyofungwa 1977 ukaja kufunguliwa 1983, miaka yote hiyo watu wa Tarakea na Holili wenye ndugu ng'ambo wakiitwa wa magendo kwa kununua viatu. Watu walinyamaza wakasikiliza. Lakini tafadhali usiende kumtukana Mwalimu ili upendwe na wazungu, mi sikubaliani na alivyoendesha maduka na mashamba, ila nchi yenye makabila zaidi ya 120 tunayokaa kwa amani tumeipata mikononi mwake, na yote mawili yanaweza kusemwa kwenye sentensi moja. Wageni wanaojielewa watakuheshimu zaidi.

Kupata nafasi sio kugumu kama unavyodhani. Fomu inauliza we ni nani, unafanya nini, kwa nini uje. Andika lile jambo lako, mistari kumi inatosha, weka namba zako. Mara nyingi kuna kiingilio lakini pia kuna ufadhili kwa vijana na kwa wanaoanza, kwaiyo soma mpaka chini kabisa na uombe mapema. Kama upo chuo, Ushirika au Mwenge hapa Moshi au Uhasibu Arusha, ulizia wenzako wa Students For Liberty, mtandao wa wanafunzi wanaotetea uhuru, wapo tangu 2008 na Afrika wana wanachama wengi, ni mlango mzuri. Kama huna taasisi yoyote andika tu mfanyabiashara, mimi niliandika hivyo. Na ukiona mtu anakuambia umechaguliwa tuma hela ya usajili kwenye namba yake ya simu, achana naye, hakikisha kwa waandaaji wenyewe.

Usafiri sasa. Moshi Arusha ni kama kilomita 80, Coaster zipo tangu alfajiri, ila siku ya kwanza usijidanganye kutoka asubuhi ileile hasa Jumatano au Jumamosi, gulio la Tengeru likiwaka barabara inajaa. Lala Arusha. Sekei na Sanawari kuna gesti za kawaida na AICC unatembea kwa mguu au kifodi, hata boda ni bei ndogo. Ukumbi mkubwa pale unaitwa Simba, jengo lina sehemu tatu, Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti, uliza mlangoni usizunguke. Ni kulekule ilikokaa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mpaka 2015, mi nilipojua hilo nilisimama kidogo pale nje. Mwezi wa sita na wa saba beba sweta, baridi ya Arusha haina utani. Kama ni Nairobi unapita Namanga, pasipoti na kadi ya homa ya manjano vishughulikie mapema sana, usisubiri wiki ya mwisho.

Ndani ya ukumbi, hotuba sikiliza ila kazi yenyewe ipo kwenye korido na kwenye foleni ya chai. Andaa maneno ya nusu dakika, jizoeze mbele ya kioo au mbele ya mdogo wako mpaka yatoke bila kukwama, kwa Kiingereza manake ndo lugha inayotumika humo, na kikiwa cha kuungaunga sio tatizo, mi nilisema: naitwa fulani, nauza vitunguu Moshi, nimeandika safari tisa, kila safari nasimamishwa hivi, nalipa hivi, sheria inasema hivi, nataka kujua kwenu mlifanyaje. Basi. Mghana mmoja akavuta kiti, akatoa kalamu, tukakaa saa nzima, akanifundisha namna ya kupanga zile namba ukurasa mmoja ambao diwani anaweza kuusoma akiwa amesimama. Kwa saa ile moja tu ningeenda tena.

Usiombe hela siku ya kwanza. Uliza walifanyaje, walishindwa wapi, nani aliwapinga. Na usikubali kila kitu, mi naamini soko huria kwa moyo wote lakini nilinyoosha mkono nikauliza barabara ya Mang'ola mvua ikinyesha ataitengeneza nani kama kodi zote ni mbaya, wakajibizana wenyewe kwa wenyewe dakika ishirini, na nilijifunza pale kuliko kwenye hotuba zote. Jioni wapeleke wageni Kwa Mrombo wakale nyama choma, au mchana wapeleke kwenye makumbusho ya Azimio, mtu uliyekula naye hakusahau.

Ukirudi na wazo la kuanzisha kikundi chenu cha sera, safi, ila fuata sheria. Kuna sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 2002 na msajili wake, kuna COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, kwa vibali vya utafiti, na hela ya nje ina taratibu za kuitolea taarifa. Ongea na mwanasheria kabla hujasaini chochote.

Ndani ya siku tatu waandikie wale uliobadilishana nao namba, barua fupi, kumbusha mliongea nini na uambatanishe ule ukurasa mmoja. Ukichelewa wiki mbili wameshasahau sura yako. Alafu rudisha sokoni ulichopata. Mi Jumamosi ile niliwakalisha wenzangu Mbuyuni baada ya kufunga meza nikawasomea daftari lote na nilichojibiwa, kina mama wawili wa nyanya wakaniomba niwachoree mistari kwenye madaftari yao. Ni minne tu ya kuanzia, mahali, dakika, kiasi, risiti, na daftari la kurasa 96 linakutosha msimu mzima.