Kuchakata paneli chakavu za sola kwa laini ya kisu moto

Laini ya kisu moto ni mashine zilizopangwa kwa mfuatano: hutoa fremu, hubandua kioo kwa kisu chenye joto, kisha husaga kinachobaki. Maelezo haya ni ya paneli za silikoni zenye fremu ya alumini, kioo mbele na karatasi ya plastiki mgongoni. Paneli ya seli 60 yenye eneo la mita za mraba 1.6 hubeba kioo cha unene wa milimita 3.2, yaani kama kilo 13 kati ya kilo 18 hadi 20. Kioo kikitoka safi kinauzika. Kikichanganyika na plastiki ni kifusi tu.

1. Chambua kabla ya kupakia. Soma lebo ya mgongoni. Paneli za kadmiamu teluraidi (aina isiyo ya silikoni, yenye metali ya sumu) ziwekwe kando: moja tu ikiingia kwenye kinu, mzigo wote umechafuka. Zenye kioo pande zote mbili zisubiri zamu yao, maana zinahitaji mpangilio mwingine wa kisu. Zilizopasuka kioo zipelekwe kwenye njia ya kusaga nzimanzima.

Paneli chakavu haina swichi ya kuizima. Ikipigwa na mwanga, seli 60 huweza kutoa volti 37 hivi, kwa hiyo ilaze kifudifudi.

2. Ondoa nyaya na kisanduku cha mgongoni zinamotokea. Kata waya mmoja, kisha mwingine. Ukizibana zote mbili kwa mkupuo mmoja utapata cheche, na cheche ya umeme wa DC haizimiki upesi. Kisha kwangua kisanduku na gundi yake mpaka mgongo uwe bapa. Kinundu kikibaki, rola za kubana huinua paneli na kisu hupita upande.

3. Toa fremu. Hapa ndipo vioo vingi huvunjika, na mara nyingi kosa si la mashine. Pima urefu, upana na kina cha fremu kwa kila kundi jipya. Kina cha milimita 30, 35 na 40 vyote vipo sokoni. Ukiingiza kina kisicho sahihi kwenye mashine ya kutoa fremu, taya zake hukandamiza ukingo wa kioo badala ya fremu. Kioo kilichokazwa kwa joto huvumilia kupigwa usoni, lakini kikiguswa vibaya ukingoni hulipuka chembechembe.

Angalia pembe pia. Baadhi ya fremu, hasa za zamani, zimefungwa kwa skrubu; zifungue kwanza. Silinda zianze kusukuma polepole hadi gundi iachie, ndipo uongeze mwendo. Malizia kwa kukwangua mabaki ya gundi ukingoni, kwa sababu kisu kinaingilia hapo.

4. Pitisha kisu moto. Kisu hupita kati ya kioo na seli, ndani ya tabaka la EVA, plastiki inayogandisha seli kwenye kioo, lenye unene wa takriban nusu milimita. Seli zenyewe hazifiki hata robo milimita, kwa hiyo kisu kilichopinda kidogo tu huzichimba. Mashine nyingi za aina hii huchemshwa kufikia kama nyuzi 300 za Selsiasi, ila fuata kiwango cha mtengenezaji. Pima joto mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kisu.

Harufu kali ya siki ni dalili kwamba EVA inaungua: punguza joto au ongeza mwendo. Kioo kikitoka na vipande vya seli, kisu ni baridi, butu au kimekwenda upande. Feni ya kuvuta moshi iwake muda wote. Karatasi nyingi za mgongoni zina florini, na zikiungua hutoa haidrojeni floridi, gesi inayochoma mapafu. Usizitupe motoni.

5. Saga, chekecha, tenganisha. Shuka la seli, yaani seli, EVA na karatasi ya mgongoni vinavyobaki kioo kikishatoka, likatwe vipande kwanza, kisha lisagwe hadi chini ya milimita 2. Lisha kinu kidogokidogo. EVA ikipata joto la msuguano hunata kama mpira na kuziba chekeche; mita ya ampea ikianza kupanda, simamisha ulishaji.

Chekecha kwa ukubwa kabla ya kufika kwenye ngoma ya umeme tuli, inayotenganisha metali na plastiki. Shaba hupoteza chaji na kurushwa mbele, plastiki hung'ang'ania ngoma hadi ifagiliwe na brashi. Mzigo ukiwa na unyevu, mpangilio huo huvurugika na plastiki hufuata shaba. Kausha kwanza.

Vumbi la kwenye vichujio lisitupwe! Seli ni tete, hivyo silikoni na fedha nyingi huishia humo. Humo humo mna metali ya risasi, yenye sumu, itokanayo na lehemu: vaa barakoa ya chembe laini, funga mifuko, uwauzie wenye mtambo wa kuyeyusha kwa asidi.

6. Pima uzito wa kila kinachotoka. Fanya hivyo kwa kila paneli 50. Kwa ukubwa uliotajwa juu, kioo kikishuka sana chini ya kilo 13 kwa paneli, kinatoka kimegandana na shuka la seli, na kitamaliza nyundo za kinu mapema. Rudi hatua ya 4.