Kupanda Mayungiyungi Mafupi ya Siku Moja Nakuru

Ua la Hemerocallis huchanua asubuhi na kunyauka kabla ya kesho yake, ndiyo maana huitwa yungiyungi la siku moja, ingawa kila kikonyo hubeba matumba kadhaa yanayopokezana. Kwa bustani ndogo za Nakuru ninapendelea Stella de Oro, aina fupi ya maua ya manjano yenye kimo cha takriban sentimita 30.

Panda mvua za masika zinapoanza, mahali panapopata jua kwa saa 6 au zaidi. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi na hupitisha maji upesi mno, kwa hiyo uchanganye kwanza na samadi iliyooza vizuri. Chimba shimo, fanya kichuguu cha udongo katikati, tandaza mizizi juu yake kama mwavuli uliofunguliwa, kisha ufukie mpaka shingo ya mmea, pale weupe unapogeuka kuwa kijani, iwe sentimita 2 hivi chini ya udongo. Ukiizamisha zaidi utapata majani tele bila ua. Mimi nilipoteza msimu mzima kwa kosa hilo. Acha sentimita 40 kati ya miche.

Mwagilia shinani, asubuhi. Yaondoe maua yaliyonyauka pamoja na vifuko vya mbegu. Baada ya miaka 3 au 4, shada likisongamana, ling'oe uligawe. Mwenye paka ajihadhari, kwani mmea huu ni sumu kwake.